Khamis na Hamisi: Kompyuta Ifunzwe na Nani Kusoma Majina Yetu?



Mtoto aliyeandikishwa Unguja kwa jina la Khamis Othman, akihamia Tanga, huenda akaandikwa Hamisi Athumani. Hakuna karani aliyekosea. Kila mmoja ameandika alivyosikia na kwa desturi ya mahali pake, na mtu yeyote wa pwani akiyasikia majina hayo hasiti. Kompyuta ya hospitali husita, kwa sababu hulinganisha herufi kwa herufi. Mgonjwa mmoja anapata majalada mawili, na aliyeandikiwa dawa huku hajulikani kule.

Njia za kuyakutanisha majina ya namna hii ni za siku nyingi. Mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza Marekani ya kupanga majina kwa matamshi, na humo ikatoka Soundex, iliyokuja kutumika katika faharasa za sensa za nchi hiyo. Kanuni yake ni fupi. Herufi ya kwanza hubaki. Irabu huondolewa pamoja na h, w na y. Konsonanti zenye sauti za karibu hupewa tarakimu moja. Selemani na Suleiman yote hutoa S455, na hapo imefanya kazi njema. Lakini Mohamed na Mahmoud nao hutoa msimbo mmoja, M530, ilhali Khamis hutoa K520 na Hamisi H520. Herufi ya kwanza imekwisha kuwatenga. Tena l na r zina tarakimu mbalimbali, jambo linaloeleweka kwa matamshi ya Kiingereza. Kwetu wapo wengi ambao lugha zao za nyumbani hazizitofautishi, na Rashidi huandikwa Lashidi.

Njia ya pili huhesabu hatua. Mwaka 1965 Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti, alieleza kipimo kinachouliza: tuongeze, tuondoe au tubadili herufi ngapi ili neno moja liwe lingine? Mwaka mmoja kabla yake, Frederick Damerau alikuwa ameonesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya herufi moja tu kuzidi, kupungua au kubadilika, au mbili jirani kupishana. Kwa makosa ya vidole, basi, kipimo hiki ni hodari.

Khamis na Hamisi si kosa la kidole. Ondoa K, ongeza i mwishoni: hatua 2. Sasa chukueni Hamisi na Hamida. Badili s iwe d, na i iwe a: hatua 2 vilevile! Kwa kipimo hiki mwanamume yuko mbali na jina lake mwenyewe sawasawa na alivyo mbali na mwanamke asiyemjua. Salim na Salum, ambao ni watu wawili, wametengana kwa hatua 1 tu.

Nasema kasoro haimo katika hesabu. Hesabu hufuata bei tunayoipangia, nasi hatulazimiki kutoza kila badiliko hatua nzima. Kh na h, dh na z, th na s, l na r, pamoja na irabu tunayoipachika mwishoni mwa majina ya Kiarabu, tuseme zitozwe robo. Khamis na Hamisi watatengana kwa nusu hatua, na Hamida atabaki mbali kwa hatua 2. Mombasa wataongeza ch na t, nj na nd, kwani Kimvita kina mato na ndia pale Kiunguja kilipo na macho na njia. Irabu za katikati ndizo ngumu kuliko zote: ukizilegeza umpate Suleiman, unawachanganya Salim na Salum. Hapo kanuni ya jumla haitoshi. Inatakiwa orodha ya majina, jina kwa jina, iliyotungwa na watu wanaoyajua.

Nyaraka za kale zinadai zaidi. Wajerumani waliandika Ujiji kama Udschidschi: hatua 8 kwa neno la herufi 5. Mtafiti wa nyaraka zao zilizomo katika hifadhi ya taifa Dar es Salaam hawezi kulegeza kipimo kiasi hicho bila kuletewa rundo la maneno yasiyohusika. Kanuni moja ya sauti, kwamba dsch yao ni j yetu, inalipata neno hilo mara moja, na Kilimandscharo pia.

Bado mashine ipendekeze tu. Kuunganisha majalada ya wagonjwa wawili ni hatari kuliko kukosa jalada moja, kwa hiyo uamuzi uwe wa mtu aliye na cheti na umri wa mgonjwa mbele yake.

Nawaomba wenzangu wa Idara ya Kiswahili na wa Sayansi ya Kompyuta tuketi meza moja mwaka huu, tuitunge orodha hiyo ya majina na bei za sauti, na tuitoe bure kwa kila hospitali na kila masjala ya ardhi itakayoihitaji.