Zamunda Kutoka Ploti ya Dandora



Waulize watu wa Eastlands, Nairobi, wa rika langu kuhusu Coming 2 America, watakwambia ya kwanza ilikuwa muvi, hii ya pili ni kelele. Hukumu hiyo naikubali. Ninachobishia ni sababu zake.

Husemwa waigizaji wamezeeka, na wengine wametutoka. Kweli, Madge Sinclair, malkia wa filamu ya kwanza, alifariki mwaka 1995, baada ya kumpa Sarabi sauti katika The Lion King, ambamo alikuwa tena mke wa mfalme wa James Earl Jones. Lakini Jones alirudi. Eddie Murphy alirudi, na Arsenio Hall, Shari Headley, John Amos; hata wale wazee wabishi wa kinyozi walirudi. Kilichokosekana ni Queens ya New York.

Coming to America ilitoka mwaka 1988, nasi tuliiona baadaye kwenye vibanda vya video, kanda imenakiliwa hadi rangi zimechujuka, aliyekijua Kiingereza akiwatafsiria wa benchi lake. Nchi ya kubuni ya Zamunda, yenye tembo bustanini na wasichana wa kumwaga maua njiani haikuwa Afrika ya yeyote kati yetu. Tuliicheka, tukangoja ipite. Raha ilianza Akeem, mwana wa mfalme, alipopanga huko Queens chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Mizigo yake ikaibwa siku ile ile, akaanza kuwaona watu wa mtaa wakitamba na mavazi yake. Akashika ufagio katika hoteli inayoiga McDonald's bila haya.

Hayo tuliyajua. Mradi wa makazi wa Dandora, Eastlands, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, uligawa viwanja 6,000 hivi vyenye choo na bafu. Mwenye ploti akajenga vyumba, akapangisha, na wapangaji wote wakapanga foleni kwa choo kile kimoja. Na dirisha la kutazama ukuta? Nendeni mtaa wa Pipeline leo. Kijana anayeshuka basi la kutoka mashambani, asiyemwambia mtu kwao ni nani, ndiye Akeem wetu.

Filamu ya pili, ya mwongozaji Craig Brewer, ilitoka Machi 2021 kupitia Amazon, Nairobi ikiwa chini ya kafyu, kila mtu na simu yake chumbani. Akeem sasa ni mfalme. Anapita Queens mbio mbio kumchukua mwanawe Lavelle, kisha tunafungiwa ikulu mpaka karibu na mwisho, pamoja na jenerali wa Wesley Snipes anayecheza ngoma kila akiingia. (Snipes, nakiri, ananichekesha.) Ile sehemu tuliyokuwa tukingoja ipite ndiyo imekuwa karibu filamu nzima.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kurudi kwetu. Meeka, binti mkubwa wa Akeem, hawezi kurithi kiti kwa kuwa ni mwanamke. Zamunda neno la mfalme linamaliza shauri hilo katika dakika za mwisho. Kwetu Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtengi binti na kaka zake, na bado ndugu hufikishana kortini kwa ploti ya marehemu baba yao, mpangaji asijue kodi ya mwezi ampe nani.