Mwanasheria wa Shirika Si Mtumishi wa Meneja



Shirika ni mtu asiye na mwili. Sheria inalitambua kuwa mtu kamili: linamiliki mali, linashitaki na kushitakiwa, wala halifi kwa kufa kwa wenye hisa. Baraza la Malodi la Uingereza lilithibitisha jambo hilo kwa makampuni katika kesi ya Salomon mwaka 1896, na huo ndio msingi wa sheria ya makampuni inayotumika Tanzania. Lakini mtu huyo hana mdomo wala mkono. Husema kwa mdomo wa viongozi wake na hutia saini kwa mikono yao. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani ni rahisi mwenye mkono kujiona kuwa yeye ndiye shirika.

Yafaa ieleweke basi kwamba mteja wa mwanasheria wa shirika ni shirika lenyewe, wala si Meneja Mkuu. Meneja anapotaka mkataba upite bila Bodi kuuona, mwanasheria anayejibu "Ndiyo, mzee" hamsaidii meneja wala shirika. Wajibu wake ni kutoa ushauri kwa maandishi, na ukipuuzwa, kuufikisha mbele ya Bodi.

Mkasa wa maji ya Dar es Salaam ni fundisho kubwa. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania, ilikabidhiwa kazi ya kusambaza maji na kukusanya ankara kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA. Miaka miwili haikupita. Mapato yakawa haba kuliko yaliyotarajiwa, na malipo yaliyopasa kufika DAWASA yakasuasua. Mwezi Mei 2005 Serikali ilitangaza hadharani kuuvunja mkataba. Tarehe 1 Juni ofisi zilitwaliwa na viongozi wa kampuni kutoka nje wakaondoshwa nchini.

Shauri lilifika kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Uamuzi ulitolewa Julai 2008. Waamuzi waliona kwamba kampuni ilishindwa kazi, lakini wakaamua pia kwamba Serikali ilikiuka mkataba wa mwaka 1994 baina ya Tanzania na Uingereza wa kulinda vitega uchumi, kwa jinsi ilivyoitwaa kampuni bila kuuachia utaratibu wa mkataba ufike mwisho wake. Hata hivyo, fidia haikutolewa hata senti moja, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa haina thamani tena.

Wengi walishangilia fidia kukosekana. Wachache walijiuliza ingekuwaje kama kampuni hiyo ingekuwa na thamani. Mwananchi aliyekuwa akichota maji kwa ndoo mtaani ndiye angelipa, ilhali sababu za kuuvunja mkataba zilikuwapo. Haki haitoshi, haki ina njia yake, na anayeiacha njia huweza kushindwa hata akiwa na haki.

Kuionyesha njia hiyo ndiyo kazi ya mwanasheria, na haiwezekani kama anaitwa siku ya kesi tu. Katika mashirika mengi huletewa mkataba jioni, wageni wakiwa wamekwisha kuandaliwa chakula cha kusherehekea, aambiwe authibitishe. Huko si kuomba ushauri, ni kuomba mhuri. Mwanasheria aketi mezani tangu mazungumzo yanapoanza. Asome mkataba utavunjwaje kabla ya kusoma utaleta faida gani.

Lakini ujasiri hauwezi kudaiwa kwa mtu ambaye mkate wake umo mkononi mwa yule anayepaswa kumkanya. Kwa hiyo kila shirika, la umma au la watu binafsi, halina budi kumpa mwanasheria wake njia ya kuifikia Bodi moja kwa moja, na asiachishwe kazi bila idhini ya Bodi hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashirika ya umma, matofali ya ukuta huo hununuliwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, ambao hawakuwapo siku mkataba ulipotiwa saini.