Kusikiliza Santuri Nzima
(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

Ninyi mlio darasani, kaeni vizuri, na mwenye redio aiweke mahali ambapo hata walioko nyuma watasikia. Leo tutaziacha hesabu za kununua na kuuza. Nataka tuzungumze juu ya muziki, maana imenifikia barua kutoka Kilwa Kivinje. Aliyeiandika ni mwanafunzi mwenzenu, mzee aliyeanza kujifunza kusoma mwaka jana. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hongera, mzee wangu.

Maneno yake kwa kifupi ni haya. Anakaa na mjukuu wake, kijana ambaye baba yake amefariki. Kijana huyo hulala na simu sikioni, akisikiliza muziki wa Wazungu, wa magitaa na makelele. Usiku mmoja mzee alisikia katikati ya makelele yale neno Bismillah. Akaamka, akamnyang'anya simu, akaifungia sandukuni. Sasa ni siku ya tisa, na kijana hataki kula naye. Huchukua chakula chake akaenda kukila ufukweni peke yake. Mzee anauliza: Je, nilikosea?

Mimi si kadhi, sitakata hukumu. Lakini wimbo ule naujua, na santuri iliyoutoa naijua, nayo nitawaeleza.

Kwanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno ALBAMU. Albamu ni nyimbo nyingi zilizokusanywa pamoja na watu wale wale, zikapangwa kwa zamu, ipi itangulie na ipi ifuate. Zamani zilikuwa katika sahani nyeusi ya santuri yenye pande mbili. Ukimaliza upande mmoja, unaigeuza. Leo vijana wanazo katika simu, na wengi huchagua wimbo mmoja wakaacha zilizobaki. Hiyo ni sawa na mtu aliyeingia nyumba ya watu akaishia ukumbini.

Albamu yetu ya leo inaitwa A Night at the Opera, maana yake usiku mmoja katika opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Ilitolewa Uingereza mwezi wa Novemba, 1975, na kundi la watu wanne waliojiita Queen. Muziki wao ni wa namna iitwayo roki.

Mwimbaji wao mkubwa alikuwa mtu wa pwani hii. Mnashangaa? Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, watu wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Waingereza. Mtoto alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni, akarudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ilihamia Uingereza. Kwa hiyo yule aliyelitamka neno lile alikulia mahali ambapo adhana husikika mara tano kila siku. Alifariki London mwaka 1991.

Sasa tusikilize. Santuri ina nyimbo 12, na zote pamoja huchukua kama dakika 43. Ni muda wa kupika wali na kuupalia makaa.

Wimbo wa kwanza ni wa hasira, wa kumtukana mtu aliyewadhulumu fedha. Msiukimbie. Wa pili ni mfupi mno, na sauti ya mwimbaji inatoka kama kwenye redio mbovu. Jinsi walivyoipata sauti hiyo inafurahisha. Waliipitisha sauti yake katika visikizio vidogo, wakavitia visikizio vile ndani ya kopo la bati, kisha wakairekodi upya sauti iliyotoka koponi. Wa tatu mpiga ngoma wao anaimba jinsi anavyoipenda gari yake. Dereva yeyote wa lori wa barabara ya Lindi atamwelewa kuliko mimi.

Nendeni wimbo wa saba. Mtasikia kama tarumbeta na filimbi, kama zile za beni walizocheza babu zetu. Hakuna tarumbeta hapo. Ni Mercury na mpiga ngoma, Roger Taylor, wanaigiza kwa midomo yao. Na mlio wa viatu vya wacheza dansi? Walivaa vidoleni tondoo za kushonea wakagonga meza.

Tena lisikilizeni gitaa. Mpigaji wake, Brian May, alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, kuanzia mwaka 1963, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua la dukani. Shingo yake ni mti wa meko ya kizamani uliokwisha kutupwa. Mnawajua watoto wetu wanaotengeneza gitaa kwa galoni na mshipi wa kuvulia. Basi ni akili ile ile. Katika wimbo wa kumi May analifanya gitaa hilo lilie kama bendi nzima ya vyombo vya kupuliza.

Wimbo wa sita mimi sikuupenda. Nimeusikiliza mara nyingi, bado naona hauna kitu. Kusikiliza vizuri si lazima kusifu kila kitu.

Sasa tuje kwenye wimbo wa kumi na moja, uliomwamsha mzee wetu. Unaitwa Bohemian Rhapsody, nao ni wa karibu dakika sita. Hauna kibwagizo kama nyimbo tulizozoea. Unaanza polepole kwa piano. Kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu. Ndipo zinapotokea sauti nyingi, kama baraza limekutana juu yake. Hawa wanataka aachiliwe, wale wanakataa, na neno Bismillah linatamkwa katika ubishi huo. Halafu magitaa yanalipuka kwa hasira, na mwisho wote unanyamaza taratibu.

Sauti zile za baraza mtadhani ni za watu mia. Ni watu watatu tu: Mercury, May na Taylor. Waliimba, wakairekodi sauti, wakaimba tena juu yake, siku nyingi, safu juu ya safu, kama fundi wa Kilwa Kisiwani alivyopanda ukuta kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Inasimuliwa kwamba kanda ilichakaa hata mwanga ukaonekana upande wa pili.

Je, neno lile lilitajwa kwa dharau? Mimi nasikia kilio cha watu wanaomgombania kijana aliyepotea, wala sisikii mzaha. Lakini mzee ana haki ya kuona kwamba neno hilo halina mahali katika wimbo wa magitaa, na wapo wengi watakaokubaliana naye. Jambo moja tu ningemwuliza: kijana mwenyewe alikuambiaje? Katika barua yako sikuona maneno yake hata moja.

Nimeuacha kwa makusudi wimbo wa tano. Unaitwa '39. Unaimbwa kwa upole, kwa gitaa lisilo la umeme, kama nyimbo za mabaharia. Watu wanajitolea kusafiri mbali, si baharini ila angani, kutafuta nchi mpya. Wanaporudi, kwao umepita mwaka mmoja tu, lakini nyumbani imepita miaka mia. Waliowaacha wamekwisha kufa, na msafiri anawatazama wajukuu akitafuta macho ya mkewe. May aliyeutunga alikuwa amesomea elimu ya nyota, na mwaka 2007 alipata shahada ya udaktari katika elimu hiyo.

Babu yangu aliondoka Lindi kwa jahazi kwenda kuchuma karafuu Unguja. Alisema msimu mmoja. Aliporudi, baba yangu alikuwa na ndevu, na hawakujuana pale forodhani. Wimbo huu mimi siwezi kuusikiliza mbele ya watu.

Mzee wangu wa Kivinje, fungua sanduku. Simu itakuwa imezima, itieni umeme kwanza. Kisha mwambie mjukuu wako akuwekee wimbo wa tano, akueleze maneno yake, nawe umweleze juu ya baba yake.

Na madarasa mengine, zoezi lenu ni hili: chagueni wimbo mmoja wowote mnaoupenda, hata wa taarabu, mwandike sentensi tatu mkieleza ni vyombo gani vinasikika na kipi kilianza. Mniletee kabla ya Jumatatu. Kwaherini.