Jua Linapochomoza Vuria: Namna ya Kupiga Picha Pana za Milima

Mazungumzo kwa wapiga picha vijana, waongoza watalii na wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta



Mgeni akiulizwa Mlima Kilimanjaro uko wapi, hujibu uko Tanzania, na jibu lake ni sahihi. Lakini akiulizwa mahali pazuri pa kuuona mlima huo asubuhi na mapema, mkazi wa Taveta anaweza kumwonyesha kwa kidole akiwa amesimama mlangoni pake. Jua huchomoza mashariki, na ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro ndio unaotazama Taveta, Ziwa Chala, Ziwa Jipe na vilele vya Taita. Anayesimama upande huu alfajiri ana jua mgongoni na mlima mbele yake. Watu husafiri mbali kutafuta nafasi kama hiyo. Wenyeji wanayo kila siku, na wengi huipita wakiwahi shambani, shuleni au kazini.

Mazungumzo haya ni ya kumsaidia mkazi mwenye kamera, au mwenye simu tu, aitumie nafasi hiyo vizuri, arudi nyumbani salama, na kazi yake isichukuliwe na mwingine bure.

Mahali na majira

Kilele cha Vuria ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kukiwa kweupe, mtu aliye juu yake huona Kilimanjaro upande wa magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Umbali huo una somo lake. Wengi hufika, hufungua simu, hupiga picha pana, kisha hushangaa kuona mlima wenye mita 5,895 umekuwa kama kichuguu. Simu haikukosea. Lenzi pana husukuma vitu vya mbali nyuma zaidi. Kutoka Vuria, mwenye kamera atumie lenzi ya kuvuta, apige vipande kadhaa vya upeo wa macho, kisha aviunganishe. Hapo mlima hubaki mkubwa na picha hubaki pana.

Taveta ni karibu zaidi. Huko vilele viwili huonekana vizuri, Mawenzi mkono wa kulia na Kibo mkono wa kushoto. Kwenye Ziwa Jipe mpiga picha hupata pia maji na milima ya Pare. Ziwa Chala limo ndani ya shimo la volkano, na kingo zake za juu humpa mtu nafasi ya kutazama mbali. Mlima Kasigau nao husimama peke yake kwenye tambarare, ukapita mita 1,600. Ni mlima mzuri wa kupigwa picha ukiwa chini, na mzuri wa kutazamia mawio ukiwa juu.

Kuhusu majira, hewa huwa safi zaidi baada ya mvua, kwa kuwa vumbi limeoshwa. Kiangazi kikikaza, vumbi hutanda na mlima hufifia. Miezi ya baridi, ukungu hukaa juu ya vilele vya Taita, na mtu anaweza kupanda Vuria asione hata mti ulio mbele yake. Asikate tamaa mapema. Ukungu ukishuka mabondeni, vilele hujitokeza juu yake kama visiwa baharini, na hiyo ni picha ambayo haipatikani siku ya kweupe.

Jua pia halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza likielekea kaskazini mwa mashariki, na Desemba kusini mwa mashariki. Mteremko uliokuwa gizani Juni unaweza kuwa kwenye mwanga Desemba. Ndiyo sababu mpiga picha mzuri hurudi mahali pale pale zaidi ya mara moja.

Saa ya mwanga

Katika kaunti hii jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu hivi, kulingana na mwezi. Anayefika wakati huo amechelewa. Inafaa awe amesimama tayari angalau dakika 40 kabla.

Kwanza anga huwa ya buluu nzito na milima huonekana kama kivuli. Kisha upande wa mashariki huanza kuwa mwekundu. Hapo wengi hugeuka wote kutazama mashariki, na hilo ndilo kosa kubwa. Kilele cha Kibo, kwa urefu wake, hulipata jua dakika kadhaa kabla ya tambarare zilizo chini. Wakati Taveta bado iko kwenye kivuli, barafu ya juu tayari imewaka rangi ya waridi, na rangi hiyo huteremka polepole mlimani. Dakika chache baadaye hugeuka dhahabu, halafu nyeupe ya kawaida. Kazi yote imo ndani ya muda usiozidi nusu saa. Mawingu nayo mara nyingi huanza kuufunika mlima kadiri asubuhi inavyosonga, kwa hiyo hakuna cha kusema nitarudi baada ya chai.

Namna ya kupiga

Picha pana ni picha kadhaa zilizopigwa kwa mpangilio kisha zikaunganishwa kuwa moja. Mwenye kamera afuate hatua hizi.

Aweke kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kuhakikisha imelala sawa. Stendi ikiinama, mstari wa upeo wa macho utapanda kama ngazi, na kipande kikubwa cha picha kitakatwa wakati wa kuunganisha.

Asimamishe kamera wima, si kuilaza. Picha za wima zikiunganishwa huacha nafasi ya kutosha ya anga juu na ardhi chini.

Aweke kila kitu kwa mkono: mwangaza, fokasi na rangi. Kamera ikiachwa ijiamulie, kila kipande kitakuwa na mwangaza wake, na anga itatoka na mabaka. Mwangaza upimwe kwenye sehemu inayong'aa zaidi, yaani barafu au ukingo wa wingu. Sehemu iliyoungua kwa mwanga haiwezi kurudishwa, lakini kivuli kinaweza kuinuliwa kidogo baadaye. ISO 100 na tundu la f/8 ni mwanzo mzuri. Shata ikiwa ya polepole, atumie saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili mkono usitikise kamera.

Aanze kushoto aende kulia, na kila picha ifunike theluthi moja ya ile iliyotangulia. Kwa hesabu hiyo picha saba humpa upana wa picha tano. Zote zipigwe haraka, kwa sababu mwanga hubadilika na mawingu hutembea. Kabla ya kipande cha kwanza na baada ya cha mwisho, apige picha ya kiganja chake. Akifika nyumbani atajua kila mfululizo umeanzia wapi na kuishia wapi.

Kwa kuunganisha si lazima kununua programu ya bei ghali. Hugin ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida.

Mwenye simu naye asijione hana kitu. Abonyeze skrini kwa muda mahali penye mwanga mpaka mwangaza na fokasi vifungwe. Asimamishe simu wima, abane viwiko mbavuni, azungushe mwili polepole kuanzia kiunoni. Asiitembeze simu kwa mikono. Afute lenzi kwanza, kwa maana umande na mafuta ya vidole huharibu picha nyingi za alfajiri kuliko upungufu wa simu yenyewe. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo simu na betri za akiba zikae mfukoni, karibu na mwili.

Usalama kwanza

Hakuna picha yenye thamani ya uhai. Alfajiri ndiyo saa ambayo tembo bado wako njiani kutoka kunywa maji au kula mashambani. Kandokando ya Tsavo na Ziwa Jipe, kutembea kwa miguu gizani ni hatari. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na hurudi kabla ya jua kupanda. Mtu aliyesimama kati yake na maji amejiweka mahali pabaya sana. Apigaye picha Jipe aende na mwenyeji anayejua njia, asisogelee matete, na asubiri mwanga ndipo ateremke kwenye gari au pikipiki.

Ndani ya hifadhi za taifa, malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka mawio akiwa ndani ya hifadhi hana budi alale ndani, kwenye kambi au hoteli. Njia za panya si za kujaribu.

Anayepanda Vuria au Kasigau aende na wenzake, amwambie mtu nyumbani njia atakayopita na saa ya kurudi, abebe tochi, maji na nguo nzito. Vuria pia ina milingoti ya mawasiliano. Haipandwi, na walinzi waliopo wanastahili kusalimiwa na kuelezwa shughuli iliyomleta mtu.

Ruhusa na heshima

Droni hairushwi kiholela. Inahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na ndani ya hifadhi inahitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Maeneo ya Taveta yako mpakani, kwa hiyo droni inayovuka upande wa pili inaweza kumletea mwenyewe matatizo na nchi mbili.

Kuna mahali ambapo ruhusa haitoki ofisini bali kwa wazee. Milima ya Taita ina fighi, misitu mitakatifu, na mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga. Kwa mgeni inaweza kuwa picha ya kushangaza tu. Kwa ukoo ni kaburi la babu. Kijana amwendee mzee wa mahali, amsalimie, aeleze nia yake, na akiambiwa hapana, iwe hapana. Vivyo hivyo mama anayechota maji au kupalilia mahindi mbele ya mlima si pambo la picha. Aombwe kwanza, na aambiwe picha itatumika wapi.

Jasho la mpiga picha

Chukulia kijana wa boda boda aliyeamka saa kumi usiku, akapata picha ya Kibo ikiwaka, akaituma kwenye kundi la marafiki. Miezi miwili baadaye anaikuta kwenye kalenda ukutani mwa duka, bila jina lake wala shilingi moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humpa mpiga picha haki juu ya kazi yake tangu anapoipiga, lakini mwenye haki huhitaji ushahidi. Atunze faili asili kama ilivyotoka kwenye kamera, mahali pawili tofauti. Atume mtandaoni nakala ndogo tu, yenye jina lake. Kazi kubwa anaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Akiuza, makubaliano yaandikwe: ni picha ipi, kwa matumizi gani, na kwa muda gani.

Naye auzaye picha kwa kuvutia wageni asidanganye. Kuinua kivuli kidogo ni kawaida. Kuuvuta Kilimanjaro mpaka uonekane umeegemea paa la hoteli ni uongo, na mgeni aliyefika akakosa alichoahidiwa harudi, wala hamleti mwenzake. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni aliyedanganywa hamponyi mtu.

Picha ya leo, ushahidi wa kesho

Liko jambo kubwa kuliko kalenda. Kati ya 1912 na 2007, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Mtoto anayezaliwa Taveta leo huenda akazeeka akiwasimulia wajukuu juu ya kilele cheupe, wao wakidhani ni hadithi. Misitu ya Taita nayo imebaki vipande, kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Ndege anayeitwa mkesha wa Taita hana makao mengine duniani isipokuwa humo.

Kwa hiyo kila shule au kikundi cha vijana kinaweza kufanya kazi moja rahisi. Kichague mahali pamoja penye jiwe au alama isiyohama. Kila mwaka, mwezi ule ule, jua likichomoza, kipige picha pana ile ile na kuandika tarehe, saa na mahali. Picha ya mwaka mmoja ni pambo. Picha za miaka kumi zikipangwa pamoja zitaonyesha barafu iliyobaki, mteremko uliokatwa miti, na shamba la miti lililoshika. Mzee hatahitaji kubishana na yeyote. Atazionyesha tu.

Kesho jua litachomoza tena kwa saa yake. Mwenye kulitaka alale mapema, achaji betri, afute lenzi, na amwage mwenye nyumba kabla ya kutoka.