Kwa Nini Picha za Kareti Hazituchoshi



Mzazi akimkuta mwanawe mbele ya picha ya kareti husema, "Makelele tu haya, watu wanapigana bila sababu." Kwa heshima zote, hapo nampinga. Sababu ipo, na ndiyo inayomkalisha kijana pale.

Chukueni "The Big Boss" ya Bruce Lee, ya mwaka 1971. Ilipigwa mji mdogo wa Pak Chong, Thailand, kwa takriban dola 100,000, pesa kidogo kwa sinema hata wakati ule. Humo hamna majumba ya fahari. Mna kiwanda cha barafu, vumbi, na vibarua waliojaa nyumba moja. Stelingi, Cheng, ni kijana wa Kichina aliyekuja kufanya kazi pamoja na binamu zake. Tajiri anaficha madawa ya kulevya ndani ya barafu, na kibarua akigundua haonekani tena.

Jamani, nani hapa hajui mtu aliyedhulumiwa mshahara, akaenda kulalamika, akazungushwa mpaka akachoka? Mtu kama huyo hahitaji kutafsiriwa ile picha. (Na akihitaji, wapo kina DJ Afro wa kumsimulia kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa utamu kuushinda wa picha yenyewe.)

Tena Cheng alimwahidi mamake kuwa hatapigana. Shingoni ana kidani cha kumkumbusha. Anavumilia, anavumilia, mpaka kidani kinavunjwa. Teke la kwanza likitoka, ukumbi mzima unapumua.

Lakini yako mawili ambayo vijana wetu wakiisimulia picha hii huyaruka, ingawa mateke wameyahifadhi yote.

La kwanza: baada ya kuwapiga wale majambazi, Cheng anafanywa msimamizi wa vibarua. Anaalikwa karamu, ananyweshwa ulevi. Binamu zake wako nyumbani wanangoja majibu juu ya wenzao waliopotea, naye amezima mezani kwa adui. Mimi hapo ndipo naogopa, si kwenye visu. Hawakumpa mali. Walimpa cheo kidogo na chakula cha usiku mmoja, akasahau aliowajia. Akili inapomrudia na kuanza kupekua kiwanda, anarudi nyumbani anakuta wengi wao wameuawa.

La pili ni mwisho wake. Tajiri ameshakufa, polisi wanafika, na Cheng anajisalimisha. Hapigiwi makofi, hapewi zawadi. Anaondoka chini ya ulinzi.

Basi wazazi, mkiiona kanda hiyo nyumbani msiitupe. Kaeni nayo pamoja na watoto, mpaka pale polisi wanapoingia. Muwaulize: ni wapi Cheng angeweza kugeuka? Majibu yao tutayasikiliza hapahapa, kikao kijacho.