Visima Vifupi na Maji ya Chini ya Ardhi katika Kajiado



Katika nchi ya Kajiado mwenyeji na mgeni huulizana kwanza habari ya maji. Hata jina la mji wa Nairobi lilitoka katika lugha ya Wamasai, enkare nairobi, maana yake maji baridi. Lakini kuanzia Laiser Hill, upande wa Ongata Rongai, hata Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado wenyewe, mito mingi hutiririka wakati wa mvua tu, kisha hukauka. Bomba la Nolturesh huleta maji kutoka miguuni pa mlima Kilimanjaro, lakini nyumba zimeongezeka kupita maji, na watu wengi hununua maji ya lori au ya mtungi. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja hufikiri habari ya kuchimba.

Hotuba hii yahusu maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Watu huyashughulikia kwa njia mbili: wengine huyatoa ili wayatumie, na wengine huyaondoa ili wapate kujenga misingi mahali pakavu. Kazi hizo mbili hugusa maji yale yale, na ardhini hayana ua wala mpaka.

Kwanza yafaa kuijua ardhi. Mvua inyeshapo, maji mengine hupita juu na mengine huzama. Mchanga na kokoto huyapitisha. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ulioenea sana Kitengela, huyashika yasitoke. Ndiyo sababu mtu aweza kuchimba katika udongo mweusi, akaona unyevu mwingi asipate hata debe moja, na mwenzake akachimba katika mchanga wa mto mkavu akapata ya kunywesha ng'ombe. Wafugaji wa Kimasai wamelijua jambo hilo tangu zamani. Huchimba mchangani, huzungushia miiba, na birika la mifugo huliweka kando ili wanyama wasichafue kisima. Jirani zao wa Ukambani, tangu miaka ya 1950, wamejenga kuta za mawe na saruji katika mito ya namna hiyo, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na kuyaficha maji yasikaushwe na jua.

Palipo na mchanga wenye maji hapana lazima ya kuchimba shimo pana. Liko bomba jembamba lenye ncha ya chuma na matundu madogo yaliyofunikwa kwa chujio, ambalo mafundi huliita welipointi. Hupigwa kwa nyundo, au huzamishwa kwa nguvu ya maji yasukumwayo ndani yake, hata matundu yafike penye mchanga wenye maji. Chombo hiki si kigeni sana katika sehemu hizi za Afrika. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi kupigana na Mfalme Tewodros lilichukua mabomba ya jinsi hiyo kwa ajili ya askari na wanyama wake, na tangu hapo Waingereza wakayaita visima vya Uhabeshi.

Lakini chombo hiki kina mpaka wake. Watu hudhani kwamba pampu iliyo juu huvuta maji kama mtu avutavyo kamba. Sivyo. Pampu huondoa hewa katika bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio uyasukumao maji kupanda. Mombasa, karibu na bahari, hewa yaweza kuyapandisha kadiri ya mita 10. Kitengela iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na hata pampu ikiwa kamilifu maji hayafiki mita 9. Kwa kuwa hewa kidogo hupenya katika viungo vya mabomba, fundi mwenye busara huhesabu mita 5 tu. Maji yakiwa chini zaidi, hata injini kubwa namna gani ikiwekwa juu haitafaa. Yatakiwa pampu inayoshuka kisimani.

Wajenzi huzitumia welipointi nyingi pamoja. Huzipanga kuzunguka shimo la msingi, moja kila mita 1 au 2, wakaziunganisha kwa bomba kubwa na pampu moja. Maji hushuka pande zote, na mchanga uliokuwa kama uji hukauka ukasimama. Pampu haina budi kufanya kazi usiku na mchana, na nyingine iwe tayari. Ikizimika, maji hurudi na kingo huwaangukia wafanyakazi. Maji yatokayo yakiwa na mchanga, kazi isimamishwe mara moja, maana ardhi inahama, na nyumba ya jirani yaweza kupasuka. Tena, maji yashushwapo hapa, kisima cha jirani chaweza kukauka. Mjenzi mwema humwarifu jirani mapema, na badala ya kuyamwaga maji mtaroni huyarudisha ardhini panapofaa.

Katika ardhi ngumu isiyopenyeka kwa bomba, watu huchimba kisima kwa mikono. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Walikusudia kumwonya mwenye hila, lakini na mchimbaji wa kweli ayafikiri maneno hayo. Shimo lipitalo kimo cha mtu lijengewe pete za saruji kadiri linavyoshuka. Injini ya petroli isiteremshwe ndani kamwe, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Taa ikizimika shimoni, hewa haifai. Lakini taa ikiwaka si dalili ya usalama, maana sumu hiyo haiizimi. Mtu akianguka ndani, mwenzake asimfuate bila kamba na hewa safi, kwani mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye afaye wa pili.

Linabaki jambo la viwanja. Kisima kifupi chapasa kiwe mbali na choo cha shimo kadiri ya mita 30. Sasa na tuhesabu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30. Mwenye nacho ataweza kutimiza kipimo hicho kwa kuweka kisima pembe moja na choo pembe ya mbali kabisa, na bado choo cha jirani kitakuwa nyuma ya ukuta wake. Basi katika mtaa uliobanana, afadhali majirani kumi washirikiane kisima kimoja mahali palipochaguliwa vema kuliko kila mtu kuchimba chake kando ya vyoo.

Kisima kichimbwe mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, ili kisikauke baadaye. Kiwe na mfuniko, na sakafu ya saruji ya kupeleka mbali maji yanayomwagika. Maji yapimwe kabla watoto hawajayanywa. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi, chumvi ipatikanayo katika maji mengi ya chini ya Kajiado, ambayo huyatia meno rangi ya kahawia na ikizidi sana huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Hali kadhalika, kabla ya kuweka mtambo, mtu aulize habari ya kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Mwenye hati ya kiwanja hana hati ya maji yapitayo chini yake. Ayatumie akikumbuka kwamba jirani yake, na ng'ombe wa mfugaji aliye ng'ambo ya mto, wanayangoja maji yale yale.