Glaida ikitua shambani: maelezo kwa wakazi wa Jilore kuhusu kambi za marubani



Mchana wa Januari na Februari, jua la kaskazi linapochoma na mashamba yamekauka, mwewe huonekana juu wakizunguka bila kupiga bawa. Hawachezi. Ardhi iliyopata joto hupasha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo hupanda, na ndege aliye ndani ya mkondo huo huinuliwa bure. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, huruka kwa njia hiyo hiyo. Rubani hutafuta mkondo, huzunguka ndani yake hadi juu, kisha huelea kwenda mbele akishuka taratibu na kutafuta mkondo mwingine. Pasipo upepo, glaida nzuri ya siku hizi inaweza kwenda kilomita 40 au zaidi kwa kila kilomita moja inayoshuka.

Marubani wanaotaka kwenda mbali hukutana na walimu wao kwa wiki moja au mbili, na mkutano huo ndio kambi ya mafunzo ya safari ndefu. Anayeanza hutafuta nishani ya fedha ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga: kusafiri kilomita 50, kukaa angani saa tano, na kupanda mita 1000 kwa nguvu ya hewa peke yake. Nishani ya dhahabu hudai safari ya kilomita 300, na almasi kilomita 500. Umbali huo ndio kiini cha jambo lenyewe. Anayejifunza karibu na uwanja hurudi uwanjani. Aliyetumwa kilomita 50 akikosa hewa inayopanda hana injini ya kumrudisha. Atatua pale alipo, na pale alipo ni shamba la mtu.

Kwa hiyo kambi ya namna hii hupangwa zaidi chini kuliko juu, na mwenye shamba yumo katika mpango, awe ameulizwa au hajaulizwa. Ni afadhali aulizwe.

Hapa Kenya mchezo huu si mgeni. Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, kumekuwa na klabu ya glaida. Katika bonde la Kerio, kaunti ya Elgeyo Marakwet, wengi ni marubani wa paraglaida, ile parachuti ya kuelea ambayo mwenyewe huibeba mgongoni. Hufika hasa kati ya Desemba na Machi, wakati kwao Ulaya ni baridi. Huruka kutoka ukingo ulio karibu na Iten, mji ulio takriban mita 2400 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko zaidi ya mita 1000 chini yao. Anayeshindwa kurudi ukingoni hutua bondeni na kutafuta usafiri wa kupanda tena. Kwa paraglaida hilo si zito: mtu hutua kwa miguu yake, mahali padogo, akakunja kitambaa chake. Glaida ni kitu kingine. Mabawa yake hufika mita 15 au 18 kutoka ncha hadi ncha, uzito wake ni kilo mia kadhaa, na inapogusa ardhi bado inakwenda kwa kasi ya gari lililo barabarani.

Mfano mkubwa zaidi kusini mwa bara hili ni Bitterwasser, Namibia, katika nyika ya Kalahari. Marubani wa Ulaya husafirisha glaida zao hadi huko kwa makontena, na uwanja wao ni kitanda cha ziwa lililokauka, tambarare kama sakafu. Rubani anayefikisha kilomita 1000 kwa safari moja kwa mara ya kwanza hupanda mti wa jamii ya mitende, na miti hiyo sasa imefanya safu. (Jilore haihitaji kuletewa minazi.) Lakini Namibia ni miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi duniani kwa ukubwa wa ardhi yake. Rubani akishuka huko, hamkuti mtu. Akishuka hapa, anakuta mihogo, mbuzi na njia ya watoto kwenda shule.

Je, Jilore inafaa? Inafaa nusu, na mgeni atakayesema inafaa kabisa aulizwe maswali zaidi. Kadiri mchana unavyopanda, hewa baridi ya bahari huingia bara na kuzima mikondo ya hewa moto, kwa hiyo upande wa Malindi huharibika mapema. Zaidi ya hayo uko uwanja wa ndege wa Malindi, na ndege zake haziwezi kuchanganyika ovyo na glaida. Kusini uko msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita 420 za mraba za miti, bila mahali pa kutua na wenye ndovu ndani. Upande unaobaki ni magharibi. Kilomita 50 kutoka Jilore kuelekea huko zinampitisha rubani juu ya Langobaya na kumwacha kwenye nyanda za ranchi, na akiendelea anakutana na Tsavo Mashariki, mbuga ya zaidi ya kilomita 13,000 za mraba. Hewa ya huko ni nzuri. Kulala huko karibu na glaida yako, bila gari, si vizuri.

Msimu, kwa upande mwingine, unafaa. Mikondo ya hewa moto huwa na nguvu wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za Aprili, na wakati huo mahindi ya mashamba ya juu yameshavunwa. Mashamba yaliyo kandokando ya mto Sabaki na ziwa la Jilore ni tofauti, kwa sababu mboga na matikiti hulimwa huko hata kiangazi. Ramani ya marubani iyaonyeshe mashamba hayo kuwa mahali pasipotuliwa.

Linafuata suala la uwanja. Glaida huinuliwa kwa ndege ya kuvuta au kwa winchi, mashine inayokunja waya kwa kasi kutoka upande wa pili wa uwanja. Winchi ni nafuu, na ndiyo hatari zaidi kwa wanakijiji. Waya wake hufika kilomita moja au zaidi, unalala chini majanini, halafu ghafla unakaza. Ng'ombe au mtoto hana muda wa kuukimbia. Mahali penye njia ya miguu inayokatiza uwanja pasiwe na winchi, au njia ihamishwe kwa makubaliano na walinzi wakae pande zote mbili saa zote za kazi. Uamuzi huo haufai kufanywa mjini na watu wasioipita njia hiyo.

Kibali cha kuruka hutolewa na KCAA, mamlaka ya safari za ndege nchini, wala si na chifu, si na mwakilishi wadi, si na mwenye hoteli. Kibali cha ardhi ni jambo jingine. Shamba la mtu binafsi ni la mwenyewe kukubali au kukataa. Ardhi ikiwa ni ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji ufuate mashauriano ya wazi, tena uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, na mkutano huo nao uwe umehudhuriwa na thuluthi mbili yao. Mkataba useme pia fidia ni nini, na ardhi itarudishwaje katika hali yake kambi ikiisha. Sahihi za wazee watatu chini ya mwembe hazitoshi.

Na shambani kwenyewe? Rubani anayeishiwa huchagua mahali pa kutua akiwa bado juu, mamia ya mita, na baada ya hapo hana nafasi ya kubadili mawazo. Anatafuta sehemu ndefu, tambarare, isiyo na mifugo. Asichoweza kuona kutoka juu ni waya wa ua, kisiki kilichofichwa na nyasi, na kichuguu. Hivyo vitu vitatu ndivyo vinavyovunja mabawa na miguu. Wenyeji wanavijua vyote. Kambi iliyopangwa vizuri hutuma watu wake siku kadhaa kabla, watembee na wenyeji shamba kwa shamba, wapime, waweke alama kwenye ramani: hapa sawa, hapa hapana. Vijana wanaofanya kazi hiyo walipwe. Ni ujuzi, si msaada.

Glaida ikionekana inashuka kimya, mifugo iondolewe ikiwezekana na watu wasimame pembeni. Wasikimbie kuilaki mbele, kwa maana haina injini ya kuinua tena wala kelele za kuonya. Ikisimama, rubani ashuke kwanza. Watu wanne huweza kuisukuma, lakini washike pale anapowaonyesha. Ncha za mabawa na vipande vinavyochezacheza nyuma huharibika kwa mkono tu. Itafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye trela yenye urefu wa mita tisa hivi, na trela hiyo nayo inaweza kukanyaga mazao mengi kuliko glaida yenyewe. Ipitishwe njia atakayoonyesha mwenye shamba.

Mazao yakiharibika, hesabu ifanyike papo hapo mbele ya mzee wa kijiji, picha zipigwe, na afisa wa kilimo wa wadi aitwe pakiwa na ubishi. Viwango vya fidia vya mhindi, mnazi mchanga na mkorosho vikubaliwe kabla ya siku ya kwanza ya kambi. Mahali ambapo hakuna kiwango kilichoandikwa, mwenye shamba hudai nyingi, rubani hutoa kidogo, na glaida huzuiliwa usiku kucha huku watu wakigombana.

Ajali ni jambo tofauti. Aliyeumia asaidiwe mara moja na polisi wapigiwe simu, lakini mabaki yasiguswe wala kuchukuliwa, hata kipande kidogo, kwa sababu wachunguzi wa ajali za ndege wa wizara ya uchukuzi huyasoma kama ushahidi.

Kuhusu mapato, vijana wasidanganywe. Kambi ya marubani ishirini kwa wiki mbili inalisha wapishi, walinzi, madereva, wenye bodaboda na wenye vyumba vya kulala kwa wiki hizo mbili. Haijengi barabara. Inaweza kurudi mwaka baada ya mwaka, kama Kerio, iwapo mgeni wa kwanza alitendewa haki na mwenyeji wa kwanza akalipwa.

Lililo la mwisho ni hesabu ya jioni. Kiongozi wa kambi hana ruhusa ya kulala kabla ya kujua kila rubani yuko wapi, na hapa jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, giza halichelewi. Anayetua mbali hutegemea simu au kifaa cha setilaiti. Zipo sehemu za nyanda za magharibi ambako simu haishiki. Sehemu hizo ziendewe kwa pikipiki, simu mkononi, na zichorwe kwenye ramani kabla barua yoyote haijatiwa sahihi.